Hesabu ya Paa

Baba ni fundi cherehani; hapimi mara moja.
Nyuma ya karatasi ya kukatia kola
aliandika kwa chaki ya buluu:
bili ya Juni, elfu thelathini na nane;
bili ya Julai, elfu arobaini na moja na chenji;
paneli nane, vyuma, waya, inveta,
na ujira wa kijana Waqas apandaye ngazi kwa kandambili:
laki nne na nusu.
Akagawa. Akafuta kwa kidole gumba, akagawa tena.
"Miaka mitatu," akasema, "tukijaliwa."

Mama hakujibu. Alikwenda jikoni
akapaka sabuni kifundo cha mkono.
Bangili zikatoka moja, mbili, tatu.
Ya nne ikagoma;
ilikuwa imezeeka pamoja na mfupa.

Huku Multan paa si kofia ya nyumba.
Kiangazi chote tulilala huko juu,
vitanda sita vya kamba, matofali yamenyunyizwa maji
mpaka yanuke kama mtungi mpya,
babu Inayat akikoroma, nami nikihesabu ndege
za watu waendao Dubai.
Waqas akazunguka na dira ya simu yake,
akakitazama kivuli cha tangi, akapiga mguu chini:
"Hapa ndipo jua linapokaa zaidi."
Hakuuliza nani mwingine alikuwa akikaa hapo.

Siku ya kwanza, saa sita mchana,
feni nne zilizunguka kwa pamoja.
Bibi alilala saa mbili nzima, mdomo wazi.
Baba akagawa laddu mtaani kana kwamba amezaliwa mtoto,
akashona mashati kumi na moja bila kugusa pedeli.

Usiku umeme ukakatika, kama ada.
Paneli zimelala chali juu yetu
zinatazama nyota zisizozalisha hata senti,
na sisi chini, vyumbani, tunajipepea kwa kadi za harusi za watu.
Ami Akhtar akapaza sauti kutoka ng'ambo ya kichochoro:
"Mchana wewe tajiri,
usiku wewe fakiri!"
Alicheka peke yake. Kisha akaja kuuliza bei.

Betri ni laki mbili nyingine.
Na shirika, uniti yetu ya ziada
linainunua kwa bei ya mchicha
na kuturudishia usiku kwa bei ya nyama.

Desemba ukaja moshi wa mabua na ukungu juu yake.
Siku tisa hatukukiona kivuli chetu.
Inveta iliandika sifuri, nyekundu, kwa adabu,
na baba akapanda ngazi kila alfajiri na kitambaa cha pamba
kufuta vumbi lililokuwa hewani, si kwenye kioo.
Hatukumwambia.

Mwezi wa Mei mjukuu wa Naseem jirani akapata upele wa joto.
Baba akavusha waya mmoja juu ya kichochoro,
waya mwembamba, wa feni moja tu.
Niliitafuta feni ile kwenye karatasi ya kola.
Haimo kwenye kuongeza, haimo kwenye kutoa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama zinalipa,
sijui nikupeleke kwa nani.
Baba atakuonyesha chaki: imebaki miezi kumi na tisa,
ishirini na mbili ukiweka ukungu.
Bibi atakuomba upunguze sauti, amelala.
Mama utamkuta paani, chini ya paneli,
kapakata sinia la njegere.
"Kivuli nacho tumekinunua," anasema, "mbona kikae bure?"

Jana baba alipanda akamkalia karibu,
akamsaidia kumenya, jambo asilolifanya.
Akasema betri zimeshuka bei kidogo.
Akautazama mkono wake, ule wenye bangili ya nne.
Mama akavuta nguo mpaka kwenye kiganja,
akaendelea na njegere.